Kuingia kwa Harambee, Kutoka Peke Yako

Vyeti vya hisa vya miaka ya 1970 vilichapwa kwa madaha. Pembeni pana urembo wa mistari iliyosukwa, juu pana jina la kampuni kwa herufi kubwa, chini pana sahihi mbili, ya mkurugenzi na ya katibu, na kando yake muhuri uliobanwa kwa chuma hata ukipitisha kidole unauhisi. Jina la mwenye hisa liliandikwa kwa wino, mara nyingi kimakosa: Wanjohi akawa Wanjoi, na kosa hilo la herufi moja likaja kuwasumbua wajukuu. Cheti kilieleza umeingia lini na una hisa ngapi. Kuhusu kutoka, hakikusema neno.

Nimevishika vyeti hivi kuliko mawakili wengi. Nilikuwa karani katika ofisi ya wakili mjini Nyeri, tangu siku za taipureta na karatasi za kaboni hadi kompyuta zilipotufikia. Watu walikuja kutoka Tetu, Othaya, Mukurweini na Mathira, cheti kikiwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya kikapu. Walinikuta mimi kabla ya kumwona wakili, kwa hiyo swali lao lilinifikia kwanza: "Mwari," yaani binti, "nikitaka kujitoa kwa hii kitu nafanyaje?"

Swali hilo lina historia, na historia yake imepita katika miji yetu yote ya chini ya Mlima Kenya. Nyeri ndiko walikotoka wanunuzi. Karatina ndiko walikouza viazi na maharagwe ili wamalizie hisa. Naro Moru na Nanyuki ndiko yalikokuwa mashamba yenyewe, na ng'ambo yake uwanda wa Laikipia, ambako hisa nyingi zimelala hadi leo.

Kumiliki pamoja hakukuletwa na kampuni. Githaka, yaani ardhi ya ukoo kwetu Wagikuyu, kilikuwa mali ya mbari, yaani uzao wa babu mmoja, na kilikuwa na mlezi wake, muramati, ambaye alikiongoza bila kuwa mwenyewe peke yake. Mwanambari aliyebanwa alihama akaenda kufungua githaka kingine, na haki yake nyumbani haikufa siku ile. Muhoi aliyekaribishwa kulima alijua anaweza kuambiwa aondoke, na alijua pia kwamba akiondoka hadaiwi. Hata mauzo yalikuwa na njia ya kurudi. Kiambu mauzo ya kudumu yalishika mizizi mapema, lakini upande wetu wa Nyeri ardhi ilitolewa mara nyingi kwa mbuzi, kwa makubaliano kwamba siku mwenyewe au wanawe watakapowarudisha mbuzi hao, ardhi nayo itarudi. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, iliyoteuliwa mwaka 1932 na kutoa ripoti yake 1934, ilipokea ushahidi mwingi juu ya desturi za ardhi za Wagikuyu, na ubishi kuhusu mauzo ya namna hii ulikuwa sehemu yake. Mtu anaweza kusema desturi ile ilizaa kesi nyingi, na atakuwa amesema kweli. Lakini wazee walikuwa na jambo moja ambalo kampuni zetu hazikuwa nalo: masharti ya kutoka yalitamkwa mbele ya mashahidi kabla mbuzi hawajafunguliwa kamba.

Kisha wakaja waliotwaa bila mbuzi. Kituo cha serikali kilifunguliwa Nyeri mwaka 1902, mwaka uleule sheria ya kwanza ya ardhi ya Mfalme ilipoanza kuwagawia walowezi mashamba. Sheria ya 1915 iliwapa mikataba ya miaka 999. Uwanda wa Kieni, kuanzia Mweiga kupitia Naro Moru hadi Nanyuki, ukawa mashamba ya Wazungu, yenye ng'ombe, kondoo na ngano. Reli ilifika Nanyuki mwaka 1930 ili kuyahudumia. Watu wetu walivuka kwenda kule wakiwa vibarua na maskwota, wakarudi Nyeri na habari za mashamba ambayo mtu akisimama upande mmoja haoni mwisho wake.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, ardhi ilikuwa ndani ya ugomvi ule tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nilizaliwa katika kimoja cha vijiji vilivyojengwa wakati huo, nyumba zimebanana, handaki limezunguka, geti lina saa zake. Wakati huohuo Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulikuwa unakusanya vipande vilivyotawanyika na kumpa kila mtu shamba moja lenye mipaka na karatasi. Kazi hiyo ilifanyika huku wanaume wengi wakiwa kizuizini au msituni. Sheria ya usajili wa ardhi ya 1963 ikaja kufunga mlango: aliyeandikwa kwanza hakuweza kung'olewa kirahisi mahakamani. Baba alirudi kutoka kizuizini akakuta kipande chake kimepimwa kwenye mteremko wenye mawe. Hakulalamika sana mbele yetu. Alichofanya ni kutafuta ardhi nyingine, na hakuwa peke yake.

Uhuru ulipokaribia, serikali ilianzisha mwaka 1962 mpango wa ekari milioni moja, kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia, ili kununua mashamba ya walowezi na kuwakatia Waafrika. Wengi walipata, na wengi zaidi walibaki nje ya orodha. Kanuni iliyotawala ilikuwa ya muuzaji aliye tayari na mnunuzi aliye tayari. Mlowezi wa Laikipia alikuwa tayari kabisa. Mkulima wa Tetu alikuwa tayari pia, ila mfuko wake haukutosha hata kununua geti la shamba lile.

Ndipo kampuni ikazaliwa. Sisi tuna msemo, kamuingi koyaga ndiri: watu wachache wakishikana huinua kinu. Kila mkutano wa kuuza hisa niliousikia ukisimuliwa ulianza na msemo huo na ukaishia na sauti ya Harambee. Ni msemo wa kweli. Lakini unazungumzia kuinua kinu tu, haugusi atakayekwenda nacho nyumbani.

Kampuni hizi zilikuwa za kila namna. Nyingine zilianzishwa na walimu na wafanyabiashara wa soko moja, nyingine na wanawake, nyingine na wanasiasa. GEMA, chama cha Wagikuyu, Waembu na Wameru kilichoundwa mwaka 1971, kilikuwa na kampuni yake, GEMA Holdings. Kule Nakuru, Ngwataniro-Mutukanio ya Kihika Kimani ilivuta maelfu ya wanachama, na mwaka 1974 yeye mwenyewe akaingia bungeni. Kwetu Nyeri, kilichosukuma watu zaidi ya siasa ni kahawa. Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa ya Brazil, bei ya dunia ikapanda, na kufikia 1977 mkulima mwenye miche mia chache alishika pesa ambazo hakuwahi kuziota. Wengine walijenga nyumba za mawe, wengine walipeleka watoto shule za bweni. Wengi walinunua hisa. Baba alilipia yake kwa vipande, na risiti zote akazifunga kwa uzi wa katani.

Sheria ya makampuni ya wakati huo ilisema kampuni binafsi isiwe na wanachama zaidi ya 50. Waliozidi hapo walipaswa kujiandikisha kama kampuni ya umma, yenye rejista, hesabu zilizokaguliwa na taarifa ya kila mwaka kwa msajili Nairobi. Vijijini watu walitafuta njia fupi. Hisa moja ililipiwa na ndugu watatu kwa jina la yule aliyejua kusoma. Mjane aliweka pesa zake kwa jina la shemeji. Katika daftari la kampuni alikuwepo mtu mmoja, na nyuma yake zilikuwepo nyumba tatu, nne. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, ila lilihesabu majina na kuwaacha watu.

Nyaraka za kampuni zilieleza kwa urefu mambo ya kuingia: bei ya hisa, ada ya kujiunga, tarehe ya mwisho ya kulipa. Zilieleza mkutano mkuu wa mwaka na idadi ya wakurugenzi. Pale penye kifungu cha kuhamisha hisa, mara nyingi ilikuwa sentensi mbili zilizonakiliwa kutoka kwenye kielelezo cha sheria, zikiwaruhusu wakurugenzi kukataa kumwandikisha mnunuzi wasiyemtaka. Nilikuwa nikizichapa sentensi hizo bila mtu yeyote mezani kuniuliza maana yake. Siku ya kujiunga, hakuna anayeuliza habari za kuondoka.

Serikali nayo iliongeza kufuli lake. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inataka idhini ya bodi kwa kila mauzo ya ardhi ya kilimo. Kifungu cha 6 hakikuishia kwenye ardhi. Kinataja pia hisa za kampuni binafsi au chama cha ushirika kinachomiliki ardhi ya kilimo: ukiiuza bila idhini ya bodi, mauzo hayo ni batili. Wauzaji wengi hawakujua. Walikutana hotelini na mnunuzi, wakahesabu noti, cheti kikabadilisha mikono, chai ikanywewa. Miaka mingi baadaye watoto wa muuzaji walileta hoja kwamba bodi haikuwahi kukaa, na sheria ikawa upande wao. Mnunuzi aliruhusiwa kudai pesa zake kama deni. Sasa fikiria shilingi zilizotolewa mwaka 1974 zikirudishwa zilivyo baada ya miaka 20. Zilikuwa bei ya ekari kadhaa, zikawa bei ya magunia kadhaa ya mahindi.

Kwa hiyo aliyetaka kutoka kwa njia iliyonyooka alihitaji mnunuzi, kibali cha wakurugenzi, na siku ya bodi, ambako mkewe na watoto wakubwa walitakiwa wasimame waseme wamekubali. Waliofaulu hivyo nawakumbuka kwa sababu walikuwa wachache, na karibu wote walitoka mapema, shamba likiwa bado na ng'ombe na kampuni ikiwa na sura ya kufaulu. Mtu anayetoka wakati mambo yanaenda vizuri huonekana mwoga. Mwalimu mmoja wa Mathira aliuza hisa zake watu wakimcheka, akanunua ploti ndani ya Karatina. Ile ploti ndiyo iliyosomesha wanawe.

Katika uwanda uleule palikuwa na uanachama wa aina nyingine kabisa. Mwaka 1959 mwigizaji wa Marekani William Holden na wenzake wawili, Ray Ryan na Carl Hirschmann, walifungua Mount Kenya Safari Club nje ya Nanyuki, mahali ambapo mstari wa ikweta unapita. Huko uanachama ulikuwa wa starehe, na kanuni ya klabu yoyote ni nyepesi: ukichoka, unaacha kulipa ada, jina lako linaondolewa, mnaachana. Baadaye kidogo Ulaya ikabuni jambo lililo katikati ya klabu na kampuni yetu. Kuanzia miaka ya 1960, Uswisi na Ufaransa zikiwa miongoni mwa nchi za kwanza, watu walianza kununua haki ya kukaa wiki fulani za mwaka katika nyumba ya likizo yenye wenyewe wengi. Walipozeeka wakagundua kwamba ada ya matunzo inapanda kila mwaka, mnunuzi haonekani, na deni linaweza kuwafuata hata watoto. Malalamiko yalikuwa mengi hadi Jumuiya ya Ulaya ikaweka sheria mwaka 1994, iliyompa mnunuzi angalau siku 10 za kubadili nia bila kutoa sababu, na mwaka 2008 siku hizo zikawa 14. Nilipoyasoma haya niliona kwamba mstaafu wa Uingereza mwenye wiki yake ya Hispania na mzee wa Tetu mwenye hisa ya Laikipia wana ugonjwa mmoja. Tofauti ni kwamba wa kule serikali yake iliona mlango wa kutokea kuwa haki ya mnunuzi. Wa kwetu aliambiwa avumilie, kampuni ni yake.

Kutoka kwa pamoja kulikuja kwa amri. Rais Kenyatta alipofariki Agosti 1978, kampuni hizi zilipoteza kivuli chao. Mwaka 1980 GEMA na vyama vingine vya kikabila vikaambiwa vijivunje. Katika miaka ile ya 1980 Rais Moi aliagiza kampuni za kununua ardhi zigawe mashamba, zimpe kila mwanachama hati yake, kisha zifungwe. Nyingi za kampuni zilikuwa tayari zimechoka. Mashamba yaliyonunuliwa pamoja na mifugo yake yalikuwa yamebaki bila mifugo, trekta limekaa juu ya mawe, mkopo wa Shirika la Fedha za Kilimo haujaisha. Wanachama nao hawakutaka gawio la senti. Walitaka kusimama juu ya udongo wakasema huu ni wangu.

Siku ya kura ilikuwa sikukuu. Namba ziliandikwa kwenye vikaratasi, vikakunjwa, vikatiwa kwenye kofia au debe, na kila mwenye hisa akachota bahati yake mbele ya chifu. Aliyepata karibu na barabara alishangiliwa. Aliyepata korongo alitazama chini. Lakini kura ni mwanzo tu. Mpima ardhi alitaka ada yake kabla hajaweka bikoni, ramani ilitakiwa ikubaliwe, hati mama ya kampuni ilitakiwa isalimishwe ndipo hati ndogo zitoke, na kama mkopo haujalipwa, hati mama ilikuwa imeshikwa rehani. Katika mafaili niliyopanga kwenye kabati, malalamiko yalifanana kana kwamba yameandikwa na mtu mmoja: ploti ya zahanati imekutwa ina jina la mtu, namba moja imepewa watu wawili, mkurugenzi ana namba tatu na alikuwa na hisa moja, waliochanga pesa za mpima ardhi wameambiwa wachange tena.

Hata aliyepata hati safi hakuwa amemaliza. Upande wa Tetu na Othaya mlima na safu ya Nyandarua hutugawia mvua ya kutosha chai na kahawa. Ukipita Nanyuki kwenda kaskazini na magharibi uko upande ambao mlima umeunyima mvua. Shamba la ekari elfu kadhaa lililolisha ng'ombe wa mlowezi mmoja likikatwa vipande vya ekari mbili, tatu, halilishi kila mwenye kipande. Baadhi walihamia, wakachimba visima, wakavumilia tembo na ukame, na leo wana miji yao midogo. Wengine wengi hawakuhamia kamwe. Laikipia imejaa ardhi ya wenyewe wasioonekana: mashamba yaliyopimwa, yenye hati ndani ya masanduku ya Nyeri, Murang'a na Kiambu, na juu yake wanapita ng'ombe na mbuzi wa wafugaji ambao hawana sababu ya kujua kwamba hapo pana mipaka. Hati nyingine zilipelekwa benki zikachukuliwa mkopo, ndipo benki ikagundua kuwa ina dhamana ambayo hakuna anayeitaka kwenye mnada. Huko nako ni kutoka: kutoka kwa kuacha. Hakuna sahihi, hakuna bodi, na hakuna aliyetoka hasa, kwa sababu jina linabaki kwenye rejista na kesi inabaki tumboni.

Kisha wenye majina wakaanza kufa. Hapo ndipo hisa inakuwa kitu kizito kuliko siku iliponunuliwa. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inataka hatua zake: barua ya chifu inayotaja wote waliomtegemea marehemu, ombi mahakamani, tangazo katika gazeti rasmi la serikali na siku 30 za kungoja pingamizi, kisha kwa kawaida miezi sita kabla ya kuthibitisha nani anapata nini. Sheria hiyo ilileta jambo jema kwa wanawake kama mimi, kwamba binti ana haki sawa na kaka yake, aolewe asiolewe. Lakini inamaanisha pia kwamba hisa moja ya mzee mwenye watoto tisa inaingia mahakamani na wenyewe tisa, na mmoja wao akiwa amefariki, wanawe wanashika nafasi yake. Ekari mbili na nusu, watu 15, mmoja Dubai, mmoja hapokei simu. Kila kizazi kinachongoja kinafanya mlango uwe mwembamba zaidi.

Sasa naja kwa hisa ya baba, maana nimeamua itoke kabla mimi sijatoka. Jina la kampuni silitaji. Waliokuwa wakiiongoza wengi wamezikwa, na walio hai ni wazee wenzangu. Mpango wangu nimeuandika kwenye daftari la shule, na naueleza kwa sababu wako wengi wenye cheti kama kile.

La kwanza ni kujua tunacho nini. Cheti cha hisa si ardhi. Huenda kipande cha baba kilishasajiliwa, huenda bado kimo ndani ya hati mama, huenda kina jina la mtu mwingine. Kwa hiyo naanza na mambo mawili: taarifa ya kampuni kutoka kwa msajili, ile watu wanayoiita CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, na sachi, yaani upekuzi wa rejista, kwenye ofisi ya ardhi ya Laikipia kwa namba aliyochota. Risiti za uzi wa katani nimezitoa nakala, kwa sababu risiti ndiyo iliyookoa watu wengi niliowaona, kuliko hotuba.

La pili ni familia. Nimewaita ndugu zangu na wana wa marehemu kaka yetu, tukakaa siku nzima, tukala, kisha tukaandika. Hakuna anayetaka kwenda kuishi kule. Kukubaliana hivyo kabla ya kwenda kwa chifu kunapunguza miaka. Urithi unaopelekwa mahakamani na watu waliokwisha kusikizana unaenda kwa mwendo wake. Ule unaopelekwa na watu wanaotazamana kwa pembe ya jicho nao hurithiwa na watoto wao.

La tatu ni mnunuzi, na hapa historia imenifunza nisiende mbali. Madalali wa Nanyuki wanaahidi tajiri kutoka Nairobi. Mimi naangalia jirani, yule aliyehamia kweli, anayelima na kuweka ua. Ardhi isiyo na thamani kwetu ina thamani kwake, kwa sababu inagusana na yake. Kama ameshalima sehemu yetu, nitamwambia waziwazi kabla miaka 12 haijamfanya aende mahakamani kuidai bila kununua. Bei yake itakuwa ndogo kuliko ya tajiri wa ahadi, lakini ni bei iliyopo. Mauzo yatapita kwenye bodi, wote tukiwepo, na ushuru wa stempu utalipwa, ambao kwa ardhi ya mashambani ni asilimia 2. Sitachukua pesa za hotelini.

Wako wanaoniambia ningoje, kwamba barabara itawekwa lami, bei itapanda. Baba naye aliambiwa angoje, na katibu wa kampuni, na mwanasiasa, na mpima ardhi. Kungoja kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti, nayo hulipwa na watoto.

Nayasema haya kwa sababu hisa zinauzwa tena. Majina yamebadilika tu. Leo ni chama cha marafiki chenye kundi la WhatsApp kikinunua ploti Naro Moru au Chaka, ni wafanyakazi wa Nairobi wanaochangia nyumba ya mapumziko inayotazama mlima, ni sacco iliyofungua kitengo cha ardhi. Nyuso ni za vijana na mikutano ni ya simu, lakini nikipewa katiba zao nizisome, nakuta kurasa za kuingia na sentensi mbili za kutoka. Wengi hawajui hata kwamba katika sacco akiba hurudishwa ukitoa notisi, ambayo kwa kawaida ni siku 60, ila hisa zenyewe hazirudishwi: lazima apatikane mwanachama mwingine azichukue. Sheria za sasa ni bora kuliko zile nilizochapia. Sheria ya Makampuni ya 2015 inampa mwanachama anayekandamizwa njia ya kwenda mahakamani bila kulazimika kuua kampuni nzima. Lakini mahakama ni mlango wa dharura, na anayepita kwenye mlango wa dharura hutoka bila viatu.

Kwa hiyo mpwa wangu aliponiletea katiba ya chama chao wiki chache zilizopita, niliirudisha na kalamu nyekundu. Waandike thamani ya hisa itapimwa na nani mtu akitaka kujitoa. Waandike wanachama waliobaki wana muda gani wa kumnunua, na muda huo ukipita ana ruhusa ya kumuuzia nani. Waandike hisa inakwenda kwa nani mtu akifa, na jina la kila aliyechangia liwe kwenye rejista, hata kama ni wanne kwenye hisa moja. Na waandike mwaka ambao ardhi itagawanywa au kuuzwa, hata kama wote wanapendana. Alinitazama akasema, "Tata, watu wataogopa kujiunga." Nikamwambia waogope sasa, wakiwa bado na pesa zao mfukoni.